Ardhi ya Jadi na Ujenzi wa Mji wa Kigali

Askari aendapo lindoni huacha nyumbani jamaa zake na shamba la baba yake. Hapo kale, nchini Rwanda, shamba hilo halikuhitaji karatasi. Kaskazini lilikuwa ubukonde, yaani ardhi ya ukoo uliotangulia kufyeka msitu. Kwingineko kulikuwa na igikingi, malisho yaliyotolewa na Mwami au watu wake. Ushahidi wa mpaka ulikuwa kauli ya wazee.

Lakini wazee hufa, na watu huongezeka. Sheria ya mwaka 2005 iliagiza ardhi yote iandikishwe, na kati ya 2009 na 2013 wapimaji walipita vilimani wakaandikisha zaidi ya viwanja milioni 10. Majirani walisimama mipakani wakashuhudia. Hivyo kauli ya jadi ndiyo iliyozaa hati. Mabinti nao, ambao mila iliwanyima urithi, walikuwa wamekwisha kupewa haki yao na sheria ya 1999.

Hata hivyo, hati haikumaliza mvutano kati ya mwenye ardhi na mji unaokua. Mjini Kigali, wilayani Gasabo, wakazi wa Kangondo na Kibiraro, mtaa uliojulikana kwa jina la Bannyahe, walitakiwa wahame. Waliandaliwa nyumba za ghorofa huko Busanza, lakini wengi walidai fidia ya fedha wapate kujichagulia pa kukaa. Shauri lilifika mahakamani, na Septemba 2022 mtaa ukabomolewa.

Sheria ya 2015 ilisema kwamba fidia hulipwa kwa fedha, au kwa namna nyingine iliyokubaliwa na pande zote mbili, tena isipite siku 120 tangu kuidhinishwa. Hatusemi mji usijengwe, wala watu waachwe katika mitelemko ya hatari. Tunasema makubaliano yatangulie, tingatinga lifuate.

Neno hili lawahusu ninyi wenye sare. Siku ya kuhamisha watu, polisi ndiye asimamaye kati ya mwenye nyumba na wabomoaji. Akiifahamu sheria, hatamdhania kila mlalamikaji kuwa mkorofi. Naye askari arudipo likizo, na aitazame hati ya shamba la nyumbani: je, ina majina yote yanayostahili, la mke pamoja na la mume? Siku ya kustaafu sare itavuliwa, na shamba ndilo litakalompokea. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.