Waya wa Kompyuta Nyumbani: Tuchague kwa Akili



Mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kilianza kupata umeme kutoka Tanga kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea mitambo ya dizeli. Waya wa baharini hauchaguliwi ovyo. Huvishwa magamba mengi ili maji ya chumvi yasiuharibu. Somo lake ni hili: kila waya una mahali pake.

Leo tuzungumze juu ya waya mdogo, ule unaounganisha kompyuta nyumbani.

Waya huu ni wa nini?

Kisanduku kinachogawa intaneti ndani ya nyumba huitwa ruta. Ruta hurusha mawimbi hewani. Lakini ukuta mnene wa mawe huyadhoofisha mawimbi hayo. Mtoto anayesoma chumba cha nyuma hapati kitu. Hapo ndipo waya unapofaa.

Ndani ya waya huu mna nyuzi 8, zimesokotwa mbili mbili. Sisi watu wa kamba na mishipi twajua kuwa kusokota huipa kamba nguvu. Hapa kusokota kuna kazi nyingine. Huzuia vurugu za umeme wa nje zisichafue habari zinazopita ndani ya waya.

Namna ya kuchagua

Mvuvi mmoja tunayemjua alirudi dago na fedha zake. Akanunua waya wa bei ndogo. Mwaka haukwisha, waya ukawa haufanyi kazi. Tulipoukwangua kwa kisu, juu ulikuwa mwekundu, ndani mweupe. Kumbe ni alumini iliyopakwa shaba! Alumini hukatika upesi ikikunjwa kunjwa, na hewa yetu ya chumvi huila penye viungo. Jasho la dago likapotea.

Basi ukivuka kwenda Wete au Chake Chake kununua waya, fanya hivi:

1. Soma maandishi yaliyo juu ya waya. Cat 5e yatosha kwa nyumba ya kawaida. Cat 6 ni bora zaidi.
2. Ukiona herufi CCA, usinunue. Maana yake ni alumini iliyopakwa shaba.
3. Omba kipande, ukwangue uzi mmoja. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani.
4. Waya wa kupita nje ya nyumba uwe na ganda jeusi la kuhimili jua. Ganda la waya wa ndani hupasuka likipigwa na jua.

Namna ya kutandaza

Pima kwanza kwa kamba, kisha ongeza kidogo. Waya mmoja usizidi mita 100 toka ruta hadi kompyuta.

Usiufunge pamoja na waya wa umeme. Uweke mbali kiasi cha shubiri moja au zaidi. Ikibidi zikutane, zipishane kama msalaba, zisilale sambamba.

Usiukunje kwa pembe kali, wala usiupigilie msumari katikati. Kwenye kona uzungushe taratibu. Fundi anapounga ncha, asifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi. Rangi za nyuzi zifuate mpango mmoja ncha zote mbili.

Tahadhari

Nyumba zetu zimesongamana. Jirani aweza kusema, "Nivutie na mimi waya, tugawane." Ushirikiano ni jambo jema, lakini usivute waya wa shaba juu ya mapaa toka nyumba hadi nyumba. Radi ikipiga karibu, nguvu yake huweza kupita katika waya huo ikaingia ndani. Huunguza vyombo, na yaweza kuua mtu. Nyumba mbili ziunganishwe kwa mawimbi ya hewani, au kwa waya wa nyuzi za kioo usio na chuma ndani. Kioo hakipitishi umeme.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kununua waya mara moja ulio mzuri ni nafuu kuliko kununua mara tatu ulio mbovu.

Maswali ya kujadiliana

1. Utajuaje kuwa waya ni wa shaba halisi?
2. Kwa nini waya huu usifungwe pamoja na waya wa umeme?
3. Jirani akitaka umvutie waya, utamshauri nini?