Damu Katika Choo Si Jambo la Kuficha

Watu wengi hawapendi kuzungumza habari za choo. Mtu akiumwa jino, kijiji kizima kitajua. Lakini akiona damu katika haja kubwa, hunyamaza. Hamwambii hata mwenzake wa nyumbani. Kunyamaza huko kunaweza kuua. Katika somo hili tutajifunza juu ya saratani ya utumbo mpana. Wengi huiita kansa ya utumbo.

Utumbo mpana ni nini?

Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba. Humo mwili huchukua chakula unachokihitaji. Mabaki huingia katika utumbo mpana, ambao una urefu wa kama mita moja na nusu. Kazi ya utumbo huu ni kufyonza maji na kuyasukuma mabaki nje. Hayo ndiyo haja kubwa.

Saratani hii huanzaje?

Mara nyingi huanza kama kijinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo. Kijinyama hicho hakiumi. Vingi havina madhara. Lakini vingine hukua polepole, na baada ya miaka kama 10 au zaidi hugeuka kuwa saratani.

Mkulima hung'oa magugu yakiwa machanga. Akingoja mpaka yatoe mbegu, kazi huwa kubwa na mavuno hupungua. Vivyo hivyo, kijinyama kikionekana mapema hukatwa, na saratani haitokei. Hata saratani yenyewe ikigunduliwa kabla ya kusambaa mwilini, wagonjwa wengi hupona kwa upasuaji. Ikichelewa, matibabu huwa magumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 ugonjwa huu uliua watu zaidi ya 930,000 duniani.

Dalili zake

Nenda ukapimwe ukiona mambo haya:
– Damu katika haja kubwa, au choo cheusi kama lami.
– Kufunga choo au kuharisha kusiko kwa kawaida, kwa wiki kadhaa.
– Kuhisi haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni.
– Maumivu ya tumbo yasiyokoma.
– Kukonda au kuishiwa damu bila sababu unayoijua.

Wengi wetu tunatumia choo cha shimo. Kinachoanguka shimoni hatukioni. Kwa hiyo, unapochamba, tazama maji au karatasi unayotumia.

Si kila damu ni saratani. Bawasiri hutoa damu. Kuhara damu na kichocho pia hutoa damu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye miaka 55. Anaona damu, anasema, "Hii ni bawasiri tu." Anakunywa dawa ya mizizi. Damu inakoma, kisha inarudi. Mwaka unapita. Kama ni bawasiri kweli, ana bahati. Kama ni saratani, amepoteza mwaka mzima. Macho hayawezi kutofautisha magonjwa haya. Kipimo ndicho kinachoweza.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ni cha choo. Unatoa choo kidogo, nacho hupimwa kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Hakiumi. Kikionyesha damu, bado haijathibitishwa kuwa ni saratani. Ni lazima uende kwenye kipimo cha pili.

Kipimo cha pili hutumia mpira mwembamba wenye kamera ndogo. Siku moja kabla, mgonjwa hunywa dawa ya kuharisha ili utumbo uwe safi. Kisha daktari huingiza mpira huo kupitia njia ya haja kubwa na kutazama ndani. Akiona kijinyama, mara nyingi hukikata papo hapo. Wengine, hasa wanaume, huona aibu. Lakini kwa daktari hiyo ni kazi ya kila siku.

Zahanati ya kijiji haina kamera hiyo. Hata hivyo, anzia zahanati. Eleza ulichokiona bila kuficha, uandikiwe rufaa. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina wataalamu wa kazi hii.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, lakini vijana nao huupata. Nchini Marekani, tangu mwaka 2021, wataalamu wanashauri watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45, hata kama hawana dalili. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii, mweleze daktari. Huenda ukahitaji kupimwa mapema zaidi.

Tujikinge

Daktari Denis Burkitt alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi. Aliona kwamba saratani hii ilikuwa adimu kwa watu wa vijijini, lakini nyingi huko Ulaya. Mwaka 1971 aliandika kwamba chakula kisichokobolewa huenda ndicho kinga. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba nyuzinyuzi za chakula husaidia kweli.

Basi tufanye haya:
– Tule ugali wa dona badala ya sembe. Pumba za mahindi zina nyuzinyuzi.
– Tule maharage, kunde, mboga za majani na matunda.
– Tusizidishe nyama nyekundu. Soseji na nyama za kopo tuziepuke.
– Tuache tumbaku na pombe.
– Tufanye kazi za mwili, tusinenepe kupita kiasi.

Kinga hizi hupunguza hatari, lakini haziimalizi. Hata mla dona anaweza kuugua. Kwa hiyo akiona dalili, naye aende akapimwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watu wa kijiji chetu huficha ugonjwa wa haja kubwa?
2. Kwa nini hatuwezi kujua kwa macho kama damu ni ya bawasiri au ya saratani?
3. Mwenzako akikuambia ameona damu, utamshauri aende wapi kwanza?
4. Nyumbani kwako mnakula dona au sembe? Kwa nini?