Jeni za Mnyoo Fundo na Zamu Zake

Mkulima ang'oapo mnyanya uliodumaa na kukuta mizizi imejaa vinundu, aghalabu amekwisha kuchelewa. Mharibifu ni mnyoo fundo, Meloidogyne, ambaye aingiapo mzizini hafikii urefu wa nusu milimita.

Jeni zake ni zile zile tangu yai hadi utu uzima. Kinachobadilika ni zipi zitendazo kazi. Akisha kuanguliwa, tezi mbili za upande wa tumboni hutoa vimeng'enya vya kulainisha kuta za seli za mmea, naye akapenya. Jeni za vimeng'enya hivyo, ajabu iliyoje, yaelekea asili yake ni bakteria. Atuliapo karibu na mishipa ya mzizi, nyingi hufifia. Tezi ya tatu, ya mgongoni, hushika zamu. Seli chache za mmea hugeuka majitu yenye viini vingi, yanayomlisha jike hadi atage mayai mamia kadhaa.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mmea Arabidopsis, ukiwezeshwa kuinyamazisha jeni moja ya tezi hizo, 16D10, hupata vinundu vichache zaidi. Mnyanya nao una kinga yake, jeni Mi iliyotoka katika jamaa yake wa porini, lakini hiyo hulegea joto la udongo lizidipo nyuzi 28 za Selsiasi.