KUTEMBEA DAKIKA 6: NAMBA ILE INASEMA NINI?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi jamaa zao, wengi wenu mnajua kipimo hiki. Munganga anamwambia mtu atembee upesi katika baraza refu la hospitali, aende na kurudi kwa dakika 6. Muuguzi anashika saa, kisha anahesabu urefu wa njia. Mmoja anapata metre 480, mwingine 430. Jioni nyumbani bibi anauliza: «Basi, nguvu zako zimepungua?» Swali hilo ni kubwa, maana namba ile inaweza kusaidia kuamua kama baba atarudi chini ya ardhi ao atapewa kazi nyepesi.

Kipimo chenyewe ni kizuri na hakitaki mashini. Mwaka 1968 munganga Kenneth Cooper wa Marekani alieleza namna ya kupima askari kwa mbio ya dakika 12. Mwaka 1976 wanganga wa Uingereza wakageuza mbio kuwa kutembea, kwa ajili ya wagonjwa wa kifua, na mwaka 1982 ikaonekana kwamba dakika 6 zinatosha.

Lakini mtu yule yule akitembea mara mbili, mara ya pili kwa kawaida anakwenda mbali zaidi, karibu metre 26, sababu amekwisha kujua namna ya kugawa nguvu zake. Ndiyo maana wanganga wanaagizwa kupima mara mbili na kuandika namba iliyo kubwa. Mtu aliyepata metre 430 safari iliyopita na leo 445, tusiseme amepona. Tofauti ya metre 30 hivi ndiyo inayoanza kuwa na maana.

Pahali napo panageuza namba. Baraza linapaswa kuwa na metre 30. Likiwa na 15, mtu anageuka mara nyingi zaidi, na kila kugeuka kunakula wakati. Hata maneno ya muuguzi yana nguvu: mgonjwa anayeambiwa «vizuri, endelea» anakwenda mbali kuliko yule anayeachwa kimya. Maneno yawe yale yale kila mara.

Kipimo cha kupanda na kushuka kibao, kilichotangazwa Harvard mwaka 1943, kina taabu zake. Kibao ni cha karibu santimetre 50, mara 30 kwa dakika, muda wa dakika 5: mtu mfupi anateseka bure. Halafu mapigo ya moyo yanahesabiwa. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pigo moja linakuwa mapigo 4. Homa, joto, tumbako, vyote vinapandisha mapigo.

Tena, miguu haioni vumbi. Mtu ambaye vumbi la mawe limeanza kuharibu mapafu yake anaweza kutembea vizuri sana. Picha ya kifua ndiyo inayosaidia kulitambua. Usikatae picha kwa sababu umewashinda wenzako barazani (na wako wanaofanya hivyo!).

Usije kupimwa moja kwa moja kutoka kazi ya usiku. Vaa viatu ulivyovaa mara ya kwanza. Sema dawa unazokunywa. Kifua kikiuma ao kizunguzungu kikikushika, simama papo hapo. Na uombe waandike kwenye karatasi yako urefu wa baraza na kama ulitembea mara moja ao mbili. Bila hayo, namba ya mwaka ujao haitakuwa na kitu cha kulinganishwa nacho.