Mkono wa Dereva Ukishaumia: Mfupa, Mishipa ya Fahamu na Njia ya Kurudi Mbioni

Dereva wa mbio za magari anapoumia vibaya, mashabiki huuliza atarudi lini. Madaktari huanza kwingine: kimekatika nini, na kimekatikia wapi. Mfupa, msuli, kano na mshipa wa fahamu haviponi kwa mwendo mmoja. Mfupa uliovunjika vipande vitatu unaweza kuunga ndani ya miezi sita, lakini mshipa wa fahamu uliokatika karibu na shingo huhitaji karibu miaka miwili kufika vidoleni, na mara nyingi haufiki kabisa. Ndiyo maana picha ya eksirei inayotisha kuliko zote si lazima iwe ya mtu aliye katika hali mbaya kuliko wote.

Afrika Mashariki ina dereva wake mkubwa ambaye ajali ilimtoa mbioni. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala mwaka 1945, alishinda Safari Rally mara tano: mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1987, katika mashindano ya jangwani nchini Misri, alipata ajali iliyomuumiza vibaya, na hakurudi tena kwenye usukani wa mashindano makubwa. Alihamia upande wa uongozi na baadaye akaongoza kamati ya mbio za rali ya shirikisho la magari duniani, FIA. Alifariki London mwaka 2006. Enzi zake dereva aliyeumia hivyo alihesabiwa kuwa amestaafu, na watu wachache walidhani kuna cha kujadili.

Mjadala ulibadilishwa na ajali nyingine. Tarehe 6 Februari 2011 Robert Kubica wa Poland, dereva wa Formula One aliyekuwa ameshinda mbio za Kanada mwaka 2008, alikwenda kushiriki rali ndogo huko Andora, Italia. Skoda yake iligonga kingo za chuma za barabarani. Ukingo mmoja ukapenya mpaka ndani alimokaa. Msoma ramani wake alitoka salama. Kubica alinasa humo kwa zaidi ya saa moja, mkono wa kulia ukiwa umekaribia kukatika, na mguu, kiwiko na bega vimevunjika. Upasuaji wa kwanza ulichukua saa saba. Mapema mwaka 2012 aliteleza karibu na nyumbani kwake, mguu uleule ukavunjika tena. Miaka minane baada ya ajali, Machi 2019, alijipanga kwenye mstari wa kuanzia mbio za Formula One.

Katika orodha hiyo ya majeraha, mifupa ndiyo iliyokuwa sehemu nyepesi. Damu huvuja mahali palipovunjika na kuganda. Ndani ya wiki mbili au tatu tishu laini yenye gegedu hujenga daraja kati ya ncha mbili. Kisha madini ya chokaa huligeuza daraja hilo kuwa mfupa mgumu, kazi ya wiki sita hadi kumi na mbili kwa mkono na miezi minne hadi sita kwa muundi wa mguu. Baada ya hapo mwili huchonga na kunyoosha kwa miezi, hata miaka. Muundi huchelewa kwa sababu upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu. Nyama ni haba, damu inayofika ni haba, na ukivunjika ni rahisi kutoboa ngozi na kuingiza vumbi la barabarani.

Huo muundi uliochomoza nje unafahamika sana Mbagala, jijini Dar es Salaam. Barabara ya Kilwa, kutoka mjini hadi Rangi Tatu na kuendelea Kongowe, inabeba malori, daladala, mabasi ya kusini na bodaboda zinazoingia na kutoka Charambe, Chamazi na Mbande. Mguu wa dereva wa bodaboda ndio bampa yake. Majeruhi wengi wenye mivunjiko mikubwa huishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na wengine hurudi mtaani wakiwa na kile ambacho watu wamekibatiza antena: vyuma vinavyopita kwenye ngozi hadi kwenye mfupa na kushikwa nje na ufito wa chuma. Njia ya pili ni chuma kirefu kinachopitishwa katikati ya mfupa, mle kwenye uboho. Hospitali nyingi za nchi zenye kipato kidogo hutumia chuma cha aina ya SIGN, kilichobuniwa na daktari Mmarekani Lewis Zirkle ili kifungwe bila mashine ya eksirei ya moja kwa moja ndani ya chumba cha upasuaji.

Ipi bora? MOI na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 240 wenye muundi uliovunjika na kutoboa ngozi, wengine wakafungwa antena, wengine wakawekewa chuma cha ndani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yaliwashangaza waliozoea kuiona antena kama dawa ya maskini: baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliolazimika kurudi kwenye upasuaji haikutofautiana kwa kiasi cha kutia maanani. Chuma cha ndani kilipata sifa ya kuacha mfupa ukiwa umenyooka zaidi na kumfanya mgonjwa ajisikie nafuu mapema, katika wiki sita za kwanza. Kwa dereva anayedaiwa hesabu ya kila siku na mwenye pikipiki, wiki hizo sita zina thamani. Zina hatari pia, kwa kuwa mguu usiouma hukanyagiwa kabla ya wakati, na chuma kinachobeba mzigo ambao mfupa ulipaswa kuubeba huchoka na kukatika.

Mishipa ya fahamu ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aliyagawa majeraha ya mishipa hiyo katika ngazi tatu, na mgawanyo huo ungali ukitumika. Katika ngazi ya kwanza mshipa umebanwa au kutikiswa tu. Mkono hulala ganzi, kisha hurudi wenyewe ndani ya siku au wiki. Katika ya pili nyuzi za ndani zimekatika lakini gamba la nje ni zima. Katika ya tatu mshipa wote umekatika vipande viwili. Kwa macho wagonjwa hao watatu wanafanana siku ya ajali: mkono umelegea, hauhisi, haunyanyuki.

Nyuzi zilizokatika huota upya kutoka upande wa uti wa mgongo kuelekea mwisho wa mkono, kwa kasi ya takribani milimita moja kwa siku. Gamba likiwa zima, uzi mpya hulifuata kama mpesheni unavyofuata kamba uliyokwisha kufungiwa. Gamba likikatika, nyuzi hupotea njia na kufanya fundo lenye maumivu, isipokuwa daktari aunganishe ncha hizo kwa darubini ya upasuaji au apandikize kipande cha mshipa kutoka sehemu isiyohitajika sana, kwa kawaida nyuma ya mguu. Maendeleo hupimwa kwa kidole: daktari hugonga taratibu juu ya njia ya mshipa, na mahali mgonjwa anapohisi cheche ndipo ncha ya uzi mpya ilipofikia. Jules Tinel, Mfaransa, alieleza kipimo hicho mwaka 1915, alipokuwa akiwatibu askari wa vita, na hakuna mashine iliyokifanya kipitwe na wakati.

Kizuizi kiko kwenye msuli. Msuli usiopata amri hunyauka, na baada ya miezi kumi na miwili hadi kumi na minane sehemu kubwa yake huwa imegeuka kuwa nyuzi ngumu zisizoweza kuamshwa hata mshipa ukifika. Kutoka shingoni hadi kwenye misuli midogo ya kiganja ni zaidi ya sentimita 60, yaani zaidi ya siku 600. Hapo msuli na mshipa vinashindana, na kwa kiganja msuli hufa kwanza. Jeraha la Kubica lilikuwa chini zaidi, kwenye kigasha, na umbali huo mfupi ni sehemu ya sababu vidole vyake viliweza kurudishiwa angalau kazi ya kushika.

Dereva wa bodaboda kwa kawaida huumia juu zaidi. Anaporushwa na kutua kwa bega, bega hukwama ardhini huku kichwa kikiendelea na safari, na mizizi mitano ya mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi huvutwa. Mizizi ya juu ikivutika, bega na kiwiko hukosa nguvu. Ya chini ikivutika, kiganja hufa. Mzizi uking'oka kabisa kwenye uti wa mgongo hauna pa kuunganishwa. Kwa hali hiyo mwaka 1994 Mfaransa Christophe Oberlin na wenzake walieleza mbinu ya kuazima: sehemu ndogo ya mshipa mzima unaokwenda kiganjani hukatwa na kuunganishwa na mshipa wa msuli unaokunja kiwiko, na kwa kuwa umbali ni sentimita chache, kiwiko huanza kukunja ndani ya miezi. Mbinu hiyo inataka kiganja kiwe kimenusurika, na inataka mgonjwa afike mapema, vizuri zaidi kabla ya miezi sita. Anayekaa nyumbani mwaka mzima akikandwa kwa maji ya moto, akisubiri ganzi iishe, anakuwa ameutumia wakati ambao hauwezi kurudishwa kwa upasuaji wowote. Hilo ndilo kosa linalogharimu mikono mingi, na ni la kukosa habari zaidi kuliko la kukosa fedha.

Nyuzi zinapofika, nyingi huwa zimeingia mahali pasipo pake. Ubongo hupokea habari za kidole cha shahada kutoka kwenye kidole gumba, na amri ya kufumba hufika kwenye msuli wa kufumbua. Ramani ya mkono ndani ya ubongo lazima ichorwe upya kwa mazoezi ya miezi mingi: kugusa vitu huku macho yamefunguliwa, kisha yamefumbwa, mpaka kitambaa na sandipepa vitofautishwe tena. Vijana hufanikiwa kuliko wazee. Madereva wa mbio wana mtambo wa kuigiza uendeshaji, ambao humruhusu majeruhi kurudia kona ileile mamia ya mara bila hatari.

Mwili unaorudi Formula One hupimwa kwa vipimo vikali. Gari linapofunga breki, dereva husukumwa kwa nguvu ya mara tano ya uzito wake. Kichwa na helmeti, vyenye kilo saba hivi, huivuta shingo kwa uzito wa kilo 35. Kanyagio la breki hudai zaidi ya kilo 100 za nguvu ya mguu, tena na tena kwa saa moja na nusu. Sheria humtaka dereva aweze kung'oa usukani na kutoka garini kwa sekunde chache bila msaada. Kwa Kubica tatizo kubwa lilikuwa nafasi. Kigasha chake hakikuweza kugeuka kama zamani, na ndani ya Formula One viwiko havina pa kupanuka. Kwenye gari la rali, ambalo ni pana, alikuwa amekwisha rudi Septemba 2012, na mwaka 2013 akatwaa ubingwa wa dunia wa daraja la WRC2. Formula One ilimfungulia mlango kwa majaribio mwaka 2017. Usukani ulirekebishwa ili gia zibadilishwe kwa mkono wa kushoto, ambao pia uliachiwa kazi kubwa ya kukata kona. Msimu wa 2019 akiwa na Williams alipata pointi moja, huko Ujerumani, nayo ikawa pointi pekee ya timu hiyo mwaka mzima. Gari lilikuwa bovu. Mkono haukuwa kisingizio. Juni 2025 alishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa Ferrari, pamoja na Yifei Ye na Phil Hanson.

Gari la mamilioni ya dola lina wahandisi wa kulibadilisha limfuate dereva. Bodaboda haina. Mafuta na breki ya mbele viko mkono wa kulia, klachi mkono wa kushoto, breki ya nyuma mguu wa kulia, gia mguu wa kushoto. Aliyepooza mkono wa kulia hawezi kuiendesha, hata kama nguvu zake zingine ni za bingwa. Bajaji haimwokoi, maana mafuta yake nayo yako kulia na gia zimeunganishwa na mshiko wa kushoto. Skuta isiyo na gia inaondoa klachi lakini inabakiza mafuta palepale. Chombo kinachomfaa ni gari dogo la gia otomatiki: usukani uko kulia na kiteua gia kiko upande wa mkono wa kushoto ulio mzima, na kishikio cha duara hufungwa juu ya usukani ili auzungushe kwa kiganja kimoja. Swichi ya indiketa, ambayo kwenye magari ya Kijapani iko kulia, huongezewa kijiti cha kuivusha kushoto.