Yuste: Makao ya Wakaapweke na Kitanda cha Kaisari

Kila mwanafunzi wa theolojia aliyesoma historia ya Matengenezo ya Kanisa amekutana na Kaisari Karl V katika ukumbi wa Worms. Mwezi wa Aprili 1521 alikuwa kijana wa miaka 21. Alimsikia Martin Luther akikataa kuyatangua maandiko yake, na kesho yake akatoa tamko aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwamba ataitetea imani ya wazee wake kwa falme zake, mwili wake na roho yake. Tunakutana naye tena Augsburg tarehe 25 Juni 1530, Ungamo letu likisomwa mbele yake. Baada ya hapo vitabu vingi tunavyovitumia vyuoni humwacha njiani, kana kwamba kazi yake imekwisha. Katika makala haya tunakusudia kumfuata mpaka mahali alipofia, yaani Yuste, karibu na mji mdogo wa Cuacos katika nchi ya Hispania. Msafiri wa leo huoneshwa pale kanisa, nyumba ya kifalme, vikanisa vya upweke na makaburi. Lakini mtumishi wa Neno anayo sababu nyingine ya kupajua, nayo ni jambo lililotamkwa kando ya kitanda cha mtu anayekufa, na yale yaliyompata aliyelitamka.

Cuacos de Yuste ni mji wenye watu wasiofikia 1,000, katika jimbo la Cáceres, chini ya milima ya Gredos. Eneo lote huitwa La Vera. Vijito vingi hushuka kutoka milimani, kwa hiyo nchi ni ya kijani kuliko sehemu nyingine nyingi za Extremadura. Wenyeji hulima pilipili nyekundu, huikausha kwa moshi wa kuni za mwaloni, kisha huisaga kuwa unga unaojulikana Hispania nzima. Mjini kuna nyumba za zamani zenye roshani za mbao, uwanja wenye chemchemi, kanisa la Kupalizwa kwa Mariamu, na nyumba ambamo inasemekana alikaa mtoto Jerónimo, mwana wa Kaisari aliyezaliwa nje ya ndoa. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuitwa Juan wa Austria, mshindi wa vita vya baharini vya Lepanto mwaka 1571. Wageni hupenda sana habari zake, ila sisi tutampita, kwa maana njia yetu inapanda mlimani kiasi cha kilomita mbili hadi monasteri.

Kabla ya kufika huko imetupasa kueleza neno moja. Wahispania hutumia neno ermita kwa makao ya mkaapweke, yaani mtu aliyejitenga na watu ili asali peke yake, na pia kwa kikanisa kidogo kilichojengwa nje ya mji, hata kama hakuna mkaapweke aliyewahi kukaa humo. Msafiri asipojua tofauti hiyo atadhani kila kilima cha Hispania kilikuwa na mtakatifu wake. Yuste, hata hivyo, ilianza na wakaapweke wa kweli. Mwaka 1402 watu wachache kutoka pande za Plasencia walitafuta mahali pa utulivu katika milima hii, na mwenyeji mmoja wa Cuacos aliyeitwa Sancho Martín akawapa ardhi kando ya kijito cha Yuste. Jina la monasteri ni la kijito hicho, wala si la mtakatifu yeyote. Askofu wa Plasencia hakupendezwa nao, wakapata taabu nyingi hata kufukuzwa. Hatimaye wakarudishwa, wakajiunga na Shirika la Mt. Hieronimo, ambalo lenyewe lilitokana na wakaapweke wa Hispania na lilikuwa limeidhinishwa na Papa Gregori XI mwaka 1373.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda mara nyingi katika historia ya kanisa. Watu wanakimbilia upweke, wanapata wafuasi, wafuasi wanajenga kuta, na kuta zinaita wafadhili. Katika miaka 150 tu vibanda vya kijitoni vimekuwa monasteri yenye kanisa refu la mawe na nyua mbili za ndani. Ukaapweke ulibaki kwa mfano tu, katika vikanisa kama kile kilichoitwa Belén, yaani Bethlehemu, kilichokuwa mwendo mfupi kutoka lango la monasteri. Kaisari alipoweza kutembea, njia yake ya matembezi ilielekea huko.

Alifikaje? Tarehe 25 Septemba 1555 Amani ya Augsburg iliruhusu wakuu wa Ujerumani kufuata Ungamo letu katika nchi zao. Hilo lilikuwa ndilo jambo ambalo Karl alikuwa amepigana nalo miaka 34. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Oktoba, alisimama Brussels akiegemea fimbo na bega la kijana, akaanza kukabidhi mamlaka yake. Alikuwa na miaka 55, lakini jongo lilikuwa limempotosha vidole na magoti hata akaonekana mzee. (Mwaka 2006 matabibu waliochunguza kidole chake kilichohifadhiwa walithibitisha ugonjwa huo.) Mwaka 1556 akaja Hispania kwa meli, akachukuliwa kwa machela kupita milimani, akangoja katika ngome ya Jarandilla mpaka nyumba yake iishe kujengwa, na tarehe 3 Februari 1557 akaingia Yuste.

Nyumba hiyo ndiyo inayooneshwa leo. Kwa nyumba ya kifalme ni ndogo, vyumba vinne juu na vinne chini, imegandamana na ukuta wa kusini wa kanisa. Kuna njia ya mteremko ili Kaisari apande bila ngazi, na kuna kiti chenye mahali pa kunyoshea mguu mgonjwa. Chini yake kuna bwawa. Lakini chumba chenye maana kuliko vyote ni cha kulala. Mlango wake unafunguka kuelekea kanisani kwa namna ambayo mtu aliyelala kitandani aliweza kuiona madhabahu kuu na kusikia misa. Tusidhani kwamba alikuwa mtawa. Alikuwa na watumishi wapatao 50, alikula vyakula ambavyo matabibu wake walivikataza, alileta fundi wa saa kutoka Italia, na matarishi walimfikia kwa barua za vita na fedha. Hata hivyo aliuweka mwisho wake mbele ya macho yake. Alileta picha kubwa aliyochorewa na Titian, inayomwonesha yeye amevikwa sanda akiomba rehema mbele ya Utatu Mtakatifu, taji lake likiwa kando. Picha yenyewe siku hizi iko katika makumbusho ya Prado, Madrid, na kanisani Yuste kuna nakala.

Na hapa tunafika kwenye jambo letu. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 1558 Inkwisisheni, yaani mahakama ya kanisa ya kuchunguza imani, iligundua vikundi vya watu waliosoma vitabu vya Matengenezo katika Valladolid na Sevilla. Hawakuwa wageni wala watu wanyonge. Miongoni mwao alikuwamo Dkt. Agustín Cazalla, aliyekuwa mhubiri wa Kaisari mwenyewe na kufuatana naye Ujerumani. Mwezi wa Mei Karl alimwandikia kutoka Yuste binti yake Juana, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya Felipe II, akimhimiza aadhibu upesi na bila huruma. Tarehe 9 Septemba, akiwa mgonjwa tayari, aliongeza katika wosia wake agizo lile lile kwa mwanawe. Waandishi wa Kihispania wa baadaye walisimulia pia kwamba alijuta kuiheshimu hati ya usalama aliyompa Luther huko Worms. Mei 21, 1559 watu 14 waliuawa Valladolid, na Cazalla alikuwa mmoja wao.

Huenda msomaji akaona kwamba hiyo yatosha, na kwamba Mlutheri hana sababu ya kusimama kimya kando ya kitanda cha mtu wa namna hiyo. Sisi tunamwomba asiondoke bado.

Mwisho wa Agosti 1558 Kaisari alishikwa na homa. Ilikuwa malaria, ugonjwa ambao sisi hatuhitaji kuelezwa, na watu wengi wanaopaandikia mahali hapa wanalilaumu bwawa lile chini ya dirisha lake. Jioni ya tarehe 20 Septemba alifika Bartolomé Carranza, mtawa wa Kidominiko aliyekuwa amefanywa Askofu Mkuu wa Toledo. Huyu hakuwa rafiki wa Matengenezo hata kidogo. Alikuwa amefanya kazi Uingereza wakati wa Malkia Mary, wakati Waprotestanti walipokuwa wakichomwa moto. Alipiga magoti, akamwonesha Kaisari msalaba, na kwa mujibu wa waliokuwapo alimwambia kwamba huyu ndiye aliyejibu kwa ajili ya wote, kwamba dhambi haipo tena, kwamba yote yamesamehewa. Saa chache baadaye, usiku wa manane kuamkia tarehe 21, Kaisari alikata roho akiwa ameshika msalaba ambao mkewe Isabella alikuwa ameushika alipokufa mwaka 1539.

Wengine waliosimama chumbani walitazamana. Mbona hakutaja matendo mema? Mbona hakutaja maombezi ya watakatifu? Muungamishi wa Kaisari, mtawa Juan de Regla, aliyapeleka maneno hayo mbele ya Inkwisisheni kabla ya mwaka kwisha. Agosti 1559 Carranza alikamatwa usiku. Maneno ya Yuste hayakuwa shtaka pekee, kwa maana kitabu chake juu ya katekisimu, kilichochapishwa Antwerp mwaka 1558, kilichunguzwa mstari kwa mstari, na alikuwa na maadui wakubwa. Lakini yalikuwamo. Kesi ilichukua karibu miaka 17, kwanza Hispania, kisha Roma. Mwaka 1576 alitakiwa kukana kauli 16 zilizodhaniwa kuwa za Kilutheri, na siku chache baadaye akafa.

Wako waliotaka kumfanya Carranza kuwa Mlutheri wa siri. Hatukubaliani nao. Alikufa akishuhudia kwamba hakuwahi kuiacha imani ya kanisa lake, wala hatuna haki ya kumsajili marehemu katika ushirika alioupinga akiwa hai. Tunachoona ni kigumu zaidi. Mtu aliyewapinga wafuasi wa Injili kwa nguvu zake zote, alipoitwa kwa mtu anayekufa, hakuona la kumpa ila Kristo aliyesulubiwa. Na Kaisari, ambaye siku chache kabla alikuwa ameagiza wengine waadhibiwe kwa ajili ya imani hiyo, hakuambiwa ategemee ushindi wake, wala miaka yake ya kulitetea kanisa, wala hata wosia wake dhidi ya wazushi. Mchungaji aliyewahi kuitwa usiku hospitalini anajua jinsi mafundisho mengi yanavyopungua kando ya kitanda. Mambo tunayoyapanga darasani chini ya kichwa cha kuhesabiwa haki kwa imani hupata pale sentensi moja au mbili tu. Hatusemi kwamba tofauti za makanisa zilikuwa bure. Zilihitaji karne nyingi za maneno mpaka, tarehe 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki walipotia sahihi huko Augsburg Tamko la Pamoja juu ya fundisho hilo hilo.

Kaisari alikuwa ameomba azikwe chini ya madhabahu ya Yuste, nusu ya mwili wake mbele yake, ili padre anayeadhimisha misa akanyage juu ya kifua na kichwa chake. Mwaka 1574 Felipe II alimhamishia Escorial, penye makaburi ya wafalme. Msafiri hukuta Yuste jeneza la mbao lililokuwa na mwili wake, nalo ni tupu. Monasteri ilichomwa moto na askari wa Kifaransa mwaka 1809, watawa wakaondolewa na serikali katika miaka ya 1830, paa zikaanguka. Ukarabati ulifanyika katikati ya karne ya 20, na Wahieronimo wakarudi mwaka 1958, miaka 400 baada ya kifo kile. Idadi yao ilipopungua waliondoka, na baada yao wakaja kutoka Poland watawa wa Shirika la Mt. Paulo Mkaapweke wa Kwanza.

Akirudi mjini kwa miguu, mgeni atapita kando ya bustani ya mizeituni ambayo wengi huipita kwa gari bila kusimama. Humo kuna makaburi ya Wajerumani 180, 26 wa vita vya kwanza vya dunia na 154 wa vita vya pili. Ndege zao zilianguka katika ardhi ya Hispania, au bahari iliwatupa pwani zake, na kwa muda mrefu walilala wametawanyika hapa na pale. Walikusanywa hapa, na mahali pakafunguliwa mwaka 1983. Misalaba yote ni ya mawe meusi ya matale, yenye kimo kimoja, na juu yake yapo majina na tarehe. Isipokuwa michache, ambayo haina jina.