Ramani ya Simu: Jinsi Wakazi wa Awasi Wanavyoweza Kuchora na Kusimulia Mahali Pao

Mwendeshaji boda boda anayeenda kumchukua mgonjwa ndani ya Wadi ya Awasi/Onjiko huambiwa akate kona penye mti mkubwa, apite kanisa, kisha aulize. Maelezo hayo humtosha mwenyeji. Kwa dereva wa ambulensi anayetoka Kisumu usiku, hayatoshi.

Ramani za kidijitali zinaweza kuziba pengo hilo, na wananchi wenyewe wanaweza kuzichora. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ni ramani ya dunia nzima ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bila malipo.

Kenya imetangulia katika kazi hii. Mwaka 2008, jukwaa la Ushahidi lilikusanya taarifa za wananchi kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 2009, vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera, kisha wakaongeza habari na video walizotengeneza wenyewe. Mwaka 2014, mradi wa Digital Matatus, uliowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ulitoa ramani ya njia za matatu za jiji hilo.

Inavyofanyika

Simu hupokea mawimbi ya setilaiti na kujua mahali ilipo, hata bila bando. Mchoraji husimama mahali pa wazi, huhifadhi alama, kisha huandika jina na aina ya mahali: kisima, zahanati, shule au kivuko. Akitembea huku simu ikirekodi, hupata mstari wa njia. Intaneti huhitajika baadaye, wakati wa kupakia kazi hiyo.

Alama pia inaweza kubeba simulizi. Kule Seme, Kit Mikayi ni rundo la mawe makubwa, lakini jina lake, yaani jiwe la mke wa kwanza, ndilo linalowafanya wageni waulize kisa chake. Vijana wa Awasi wanaweza kuwarekodi wazee wakieleza asili ya majina ya vijiji, soko na njia panda ya kuelekea Muhoroni, kisha waunganishe sauti hizo na alama za ramani. Katika uwanda wa Kano, mzee anayekumbuka maji ya Mto Nyando yalifika wapi anahifadhi elimu ambayo anayetaka kujenga anaihitaji. Asiporekodiwa, elimu hiyo huondoka naye.

Mambo ya kuzingatia

Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti au picha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa zake. Usiandike jina la mwenye boma wala kuonyesha nyumba ya mgonjwa. Liandike jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka, na likiwa na utata, waulize wazee zaidi ya mmoja.

Muhimu zaidi, ramani hii si hati ya shamba. Haiwezi kutumiwa kuamua mpaka kati ya majirani. Masuala hayo hupelekwa kwa ofisi ya ardhi na wapimaji walioidhinishwa.

Kikundi kinachotaka kuanza kinaweza kuchagua kijiji kimoja na kuchora kwanza visima, vivuko na njia za kufikia zahanati.